Kabla hujawapa watoto wimbo wa kwanza wa ukulele

Jumamosi nilikaa nyuma ya darasa la mwalimu mgeni wa ukulele, lile gitaa dogo la nyuzi nne. Ni kipindi cha pili tu, watoto wa miaka 7, na tayari karatasi ina C, Am, F na G7, tena kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) inabadilika kila baada ya mapigo mawili. Haikupita muda, hakuna aliyekuwa akiimba. Macho yote yako kwenye vidole. Walimu wapya, nawapenda sana, lakini hili la kuanza na wimbo mwepesi tumelisema mara ngapi?

1. Wimbo uwe umeshakaa mdomoni. Mtoto anayetafuta maneno hawezi kutafuta freti (vile vijistari vya chuma kwenye shingo ya ala) papo hapo, kwa hiyo imbeni kwanza kwa makofi, ala zikiwa chini, mpaka waweze kuuimba huku wakifunga kamba za viatu.

2. Hesabu mabadiliko, usihesabu kodi tu. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza nilichagua, kwa ajili ya onyesho mbele ya wazazi, wimbo nilioupenda tangu utotoni. Ulikuwa kwenye kii (ngazi ya sauti ya wimbo) ya F, nikajiambia ni kodi tatu tu: F, C7 na Bb. Sasa angalia hiyo Bb. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi mbili, E na A, freti ya 1, na papo hapo cha kati kinasimama freti ya 2 na cha pete freti ya 3. Kwa kiganja kidogo ni mateso. Wiki sita niliwakazania. Kulikuwa na msichana wa miaka 8 ambaye kila Bb ilipofika alikuwa akikishika kidole chake cha kushoto kwa mkono wa kulia, anakikandamiza kwenye nyuzi, kisha anaurudisha mkono kucharaza. Kodi imeshapita. Nilimwona kila kipindi, na kila kipindi nilimwambia aongeze mazoezi. Siku ya onyesho walipoanza kupotea, nilichukua ukulele yangu nikacharaza kwa nguvu ili kuwafunika. Wazazi wakashangilia. Yule msichana, akiwa anarudisha ala yake kwenye mfuko, akaniambia taratibu, "Mwalimu, sisi hatukupiga. Umepiga wewe." Alisema kweli. Wiki iliyofuata hakuja, wala hakurudi tena.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kii ya F haikuwa na kosa lolote. Inawakaa vizuri kooni. Ningetafuta wimbo wa F na C7 basi, bila Bb, mambo yangekwisha. Nyinyi mnakimbilia C na G7 kwa sababu C ni kidole kimoja, lakini kuingia G7 vidole vitatu vinatafuta mahali kwa wakati mmoja. Kutoka F kwenda C7, cha kati kinanyanyuka na cha shahada kinahama kutoka uzi wa E kwenda uzi wa A, freti ileile ya 1. Jaribu sasa hivi kwa mkono wako, polepole kama mtoto.

3. Am na F ni ndugu: cha kati kinabaki palepale kwenye uzi wa G, unaongeza cha shahada tu.

4. Usichague kii kwa koo lako. Ukiona C iko chini mno na watoto wananong'ona, funga kepo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya 2, utapata D kwa vidole vilevile.

5. Aliyechelewa kubadili aachie vidole aendelee kucharaza, maana nyuzi tupu za G, C, E na A kwa pamoja ni kodi iitwayo C6, na kwenye wimbo wa kii ya C haimkeri mtu.

6. Nyuzi mpya huvutika; tyuni zote kabla hawajaingia, la sivyo nusu ya kipindi imekwenda.

Jumamosi ile, dakika tano za mwisho, nilimwomba mwalimu afute kodi zote abakishe C. Wakaimba wimbo wa kupokezana, makundi mawili, kodi moja mwanzo mpaka mwisho. Mvulana mmoja wa mstari wa mbele akainua macho kutoka kwenye freti, akamgeukia mwenzake wa kundi la pili, na mkono wake ukaendelea kucharaza.