Jibu: Binti ajiandaeje kuingia sororiti Alabama?
Mama Neema, umeuliza kama binti yako anayekwenda Chuo Kikuu cha Alabama aanze na nguo. Aanze na kalenda! Pale sororiti, yaani vyama vya wanafunzi wa kike, huchagua wanachama Agosti kabla ya masomo, na kujiandikisha ni kabla ya hapo. Alama zake za sekondari zitaangaliwa, na kurasa zake za mitandaoni pia, azipitie sasa. Ada ziulizieni mapema, si hela ya chai.

Ila kama anaitamani Alpha Kappa Alpha, sororiti ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, njia hiyo ya Agosti siyo. Sororiti za aina hiyo zina utaratibu wao, na kwa kawaida husubiri kwanza alama za chuo.

Na mazoezi ya maongezi na hao watakaomchagua? Mpeleke harusini, akae meza ya mashangazi asiowajua.