Lori la mseto lilichelewa kufika: je, nafuu ya kodi imenipita?

SWALI: Salaam mtaalamu. Nina kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo hapa Columbus, Ohio. Agosti 2025 nilisaini mkataba wa lori jipya la mseto, dizeli na umeme, nikatoa arubuni ya dola 2,000. Nilikabidhiwa Novemba. Muuzaji anasema nafuu ya serikali ilikufa Septemba. Dereva mwenzangu anasema nitapata dola 40,000. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, wote wawili wamekosea, na kosa la muuzaji ndilo lingekuumiza zaidi.

Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilifuta nafuu ya magari safi ya biashara, ile ya kifungu cha 45W, kwa gari lililonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025. Neno la kuliangalia hapo ni "kununuliwa". Kwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, umenunua siku ulipokuwa na mkataba wa maandishi unaowafunga na ukawa umelipa kitu, hata arubuni ndogo au gari kuukuu ulilompa muuzaji lihesabiwe kwenye bei. Kukabidhiwa kunaweza kufuata baadaye. Kwa hiyo mlango wako haujafungwa, na nafuu unaidai kwenye ritani ya 2025, mwaka lori lilipoanza kazi. Itafute leo nakala ya mkataba yenye sahihi na tarehe, pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha zile dola 2,000 zikitoka. Ila isome vizuri: kama ni karatasi ya kushika nafasi tu, ambayo yeyote angeweza kuiacha bila kudaiwa, haitakusaidia.

Sasa nenda kwenye lori lenyewe. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye fremu: kimeandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa, lori pamoja na mzigo. Ukifika pauni 14,000 au zaidi, betri lazima iwe na angalau kilowati-saa 15. Chini ya hapo, 7 zinatosha. Na lazima betri ichajiwe kwa waya kutoka nje. Hapa ndipo wengi wanapoumia, maana lori la mseto linalojichaji lenyewe kwa breki na injini halimo kabisa, hata likiokoa dizeli kiasi gani.

Hizo dola 40,000 ni kikomo cha malori mazito. Kwa yaliyo chini ya pauni 14,000 kikomo ni 7,500. Lori lenye injini ya dizeli au petroli hupata asilimia 15 ya bei, au tofauti ya bei kati yake na lori la aina hiyo lisilo na umeme, kinachochukuliwa ni kilicho kidogo. Tuseme lako ni zito na umelinunua dola 120,000, na la dizeli tupu ni 108,000. Asilimia 15 ni 18,000, tofauti ni 12,000. Utapata 12,000.

Fedha hiyo hukata kodi unayodaiwa, hairudishwi taslimu. Ikizidi kodi yako ya 2025, salio unaweza kulisogeza mbele hadi miaka 20. Na utakapopiga hesabu ya uchakavu, anza na 108,000, yaani bei uliyolipa ukitoa nafuu ya 12,000, si 120,000; ukisahau, hesabu yote itakuwa na kosa.

Mpe mhasibu wako namba ya chasisi kwa ajili ya Fomu 8936, ile ya kudai nafuu hii, na mwombe muuzaji akuandikie bei ya lori la dizeli la ukubwa huohuo kabla hujawasilisha ritani.