Nimebadilisha maneno, mbona naambiwa nimenakili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa tatu hapa Mtwara, naandika ripoti ya utafiti kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, kwenye mikorosho ya Newala. Msimamizi amenirudishia sura ya pili, anasema nimenakili. Vitabu vyote nimeviorodhesha mwishoni na maneno nimeyabadilisha. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Orodha ya mwishoni inaonyesha ulichosoma, lakini haimwambii msomaji sentensi ipi imetoka kwa nani. Chanzo hutajwa palepale kinapotumika. Kwa mtindo wa APA, yaani utaratibu wa marejeleo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, unaweka kwenye mabano jina la ukoo la mwandishi na mwaka, na ukichukua maneno yake kama yalivyo, unaongeza alama za kunukuu na namba ya ukurasa.

Hilo la kubadilisha maneno ndilo linalowaponza wengi. Tuchukue mfano niliotunga. Chanzo kinasema: "Ubwiriunga hushambulia maua machanga ya mkorosho, hivyo mkulima asiyepulizia salfa mapema hupoteza mavuno." Mwanafunzi anaandika: "Ubwiriunga huvamia maua machanga ya mikorosho, kwa hiyo mkulima anayechelewa kupulizia salfa hukosa mavuno." Mpangilio ni uleule, mawazo yanafuatana vilevile, yamebadilishwa maneno machache tu. Hata ukiweka jina la mwandishi, bado umeazima sentensi yake ukaiita yako. Soma, funga kitabu, kisha andika ulichoelewa kwa ajili ya hoja yako: "Kwa kuwa ugonjwa huanza kudhuru kwenye ua, muda wa kupulizia salfa una uzito katika kueleza tofauti za mavuno kati ya mashamba." Weka jina na mwaka, kisha fungua kitabu uhakikishe hukupotosha.

Kutafsiri nako ni kutumia kazi ya mtu. Makala nyingi za korosho zimeandikwa kwa Kiingereza, na wapo wanaozigeuza Kiswahili aya kwa aya wakijua programu ya kukagua ufanano huenda isizinase. Msimamizi aliyezisoma atazitambua. Tena asilimia ya programu hiyo usiifanye lengo: hupanda hata kwa nukuu zilizotajwa vizuri, na hushuka kwa wizi uliofichwa vizuri.

Ukikuta wazo la mtafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapo Mtwara, ndani ya kitabu cha mtu mwingine, tafuta andiko la huyo mtafiti. Likikosekana kabisa, mtaje yeye, kisha sema amenukuliwa katika kitabu gani. Orodhani kiingie kitabu ulichokishika.

Na wakulima uliowahoji? Hao hawaingii kwenye orodha ya marejeleo, kwa sababu maneno yao ni data yako. Lakini usiyachanganye na sauti yako. Yaweke ndani ya alama za kunukuu, kwa utambulisho mliokubaliana, mfano "mkulima wa 4, Newala", pamoja na tarehe ya mahojiano. Anza na sura ya pili hiyohiyo: pitia kila aya, na pale usipokumbuka chanzo, iondoe hadi ukipate.