Maswali ya Wasomaji: Kiswahili Kinachopotea Njiani Kuelekea Kwenye Kifaa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili hapa Tukuyu tunatengeneza mizani ya kielektroniki ya kupimia majani mabichi ya chai kwenye vituo vya wakulima. Ndani yake kuna kompyuta ndogo yenye Linux tuliyoijenga kwa Buildroot (zana ya kuandaa Linux ya vifaa vidogo), tukitumia glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C. Programu tumeiandika kwa lugha ya C na maneno ya kwenye skrini tumeyatafsiri kwa gettext, mfumo wa kutafsiri maneno ya programu. Kwenye kompyuta ya mezani Kiswahili kinatoka vizuri, lakini kwenye mizani maneno yote ni ya Kiingereza, wala hatuoni ujumbe wowote wa hitilafu. Tumekosea wapi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Hitilafu hii haina kelele kwa sababu gettext, inapokosa tafsiri, hurudisha neno la asili na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo itawabidi mfuate njia nzima ya tafsiri, kituo kwa kituo.

Anzieni kwenye menyu ya mipangilio ya mfumo ndani ya Buildroot na kuwasha BR2_SYSTEM_ENABLE_NLS, chaguo linaloruhusu tafsiri. Chaguo hili likiwa limezimwa, pakiti zinazojengwa kwa autotools (zana za kuandaa ujenzi wa programu) hupewa agizo la --disable-nls, na tafsiri zake haziandaliwi kabisa. Ikiwa programu yenu inajengwa kwa Makefile ya kawaida (faili la maagizo ya ujenzi), Buildroot haiwafanyii kazi hiyo yenyewe. Ongezeni $(TARGET_NLS_DEPENDENCIES) kwenye orodha ya vitu ambavyo pakiti yenu inavitegemea, ili zana ya msgfmt iwepo wakati wa kugeuza sw.po (faili la tafsiri mnaloliandika) kuwa faili la .mo (linalosomwa na programu). Wanaotumia musl au uClibc-ng, maktaba nyingine za C, wana kazi zaidi, kwa kuwa Buildroot huzichukulia maktaba hizo kuwa na umbo tu la gettext bila uwezo wa kutafsiri, nao huhitaji maktaba ya tafsiri ya libintl pamoja na $(TARGET_NLS_LIBS). Ninyi wa glibc hilo haliwahusu.

Mahali ninapopashuku kuliko pengine pote ni chaguo linaloitwa BR2_ENABLE_LOCALE_PURGE. Huwa limewashwa tangu mwanzo kwa nia njema ya kuokoa nafasi, na mwishoni mwa ujenzi hufuta kila folda iliyo ndani ya /usr/share/locale isipokuwa zile zilizotajwa katika BR2_ENABLE_LOCALE_WHITELIST, ambayo mwanzoni huwa na C na en_US tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuliona faili lake la .mo ndani ya folda ya ujenzi wa pakiti, akaridhika, kisha asilikute kwenye kifaa. Andikeni sw katika orodha hiyo. Zingatieni kwamba jina hulinganishwa herufi kwa herufi na jina la folda: ikiwa faili lenu liko katika /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES, kuandika sw_TZ peke yake hakutaliokoa.

Kisha wekeni sw_TZ.UTF-8 katika BR2_GENERATE_LOCALE. Bila hiyo, setlocale (amri ya C inayochagua lugha ya programu) itashindwa na programu itabaki katika mazingira ya C, ambamo gettext haitafsiri chochote hata kama faili la .mo lipo mahali pake. Nawasihi programu yenu ikague jibu la setlocale na kuandika onyo inapopata NULL. Mstari huo mmoja ungewaonyesha kosa mapema.

Liko pia suala la kigeu LANG. Wengi hukiweka katika /etc/profile, wanaingia kwenye kifaa kwa waya wa serial, wanaendesha programu kwa mkono na kukiona Kiswahili. Wakizima na kuwasha, Kiingereza kinarudi, kwa kuwa programu inayoanzishwa na hati ya /etc/init.d haisomi faili la profile. Wekeni export LANG=sw_TZ.UTF-8 ndani ya hati hiyo hiyo.

Baada ya mabadiliko haya fanyeni make clean kisha make, maana Buildroot haizijengi upya pakiti zilizokwisha kujengwa kwa sababu tu mpangilio umebadilika. Mkulima aliyebeba majani yake tangu alfajiri ana haki ya kusoma uzito wake kwa lugha anayoielewa, nami natamani mfanikiwe.

SWALI: Kifaa chetu cha kuhesabia mbao kinaonyesha Kiswahili, lakini tangu tuliporekebisha maneno ya Kiingereza ndani ya programu, baadhi ya mistari imerudi Kiingereza. Pia kinaandika “Mbao 1”.
Msomaji, Mafinga

JIBU: Fungueni sw.po mtafute alama ya fuzzy. Neno la asili linapobadilika kidogo, msgmerge, zana ya kusasisha sw.po, huikisia tafsiri ya zamani na kuiwekea alama hiyo, nayo msgfmt huiruka hadi mtu aihakiki na kuiondoa alama. Kuhusu hesabu, tumieni ngettext, inayochagua kati ya umoja na wingi, badala ya gettext, na kwenye kichwa cha faili muandike nplurals=2; plural=(n != 1); kisha msgstr[0] iwe “Ubao %d” na msgstr[1] iwe “Mbao %d”. Sifuri itaangukia kwenye wingi, na “Mbao 0” ni Kiswahili sahihi.