Kabla Hujayeyusha Risasi ya Chubwi Lako la Kwanza

Juma lililopita kijana mmoja wa Mjimwema, Kigamboni, aliniandikia ujumbe ulioanza kwa "Shikamoo kaka" na kuishia kwa ombi la kuelekezwa namna ya kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina, machubwi ya mshipi, vile vizito vya madini ya risasi vinavyozamisha ndoana. Amechoka kununua. Kila bamvu, yaani siku za maji makuu, anasema, mwamba humla machubwi matatu au manne kwa safari moja, na bei ya dukani humaliza faida yake kabla samaki hajapimwa. Tayari ana betri mbili mbovu za gari, sufuria ya zamani ya dada yake na jiko la mkaa. Alichotaka kujua ni kama kalibu, lile umbo la kumiminia risasi, aitengeneze kwa mchanga au kwa saruji. Nilimjibu siku hiyo hiyo kwa neno moja, asubiri, kisha nikakaa kuandika makala hii, kwa sababu orodha ya vifaa vyake ndiyo iliyokuwa orodha yangu miaka tisa iliyopita, isipokuwa betri zangu zilikuwa tatu.

Ujumbe huo ulinikuta nikiwa na furaha, na sioni sababu ya kuificha. Asubuhi yake nilikuwa nimekabidhi Kunduchi machubwi 300 ya gramu 200, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nahodha aliyeyaagiza ni mzee asiye na maneno mengi. Alitoa moja ndani ya kiroba, akapitisha ukucha kwenye mshono wake, akakivuta kwa nguvu kile kikuku cha waya kilichoko juu, kisha akapima matano kwenye mizani, moja baada ya jingine, na hakuna lililopishana na wenzake kwa zaidi ya gramu mbili. Akaniuliza mashine yangu niliinunua wapi. Nilimwambia kwamba sina mashine. Nina upawa, kalibu mbili na mikono hii.

Kila mvuvi wa mshipi anajua kwa mkono wake, hata kama hajawahi kupiga hesabu, kwa nini tunahangaika na risasi wakati pwani imejaa mawe. Marehemu baba yangu, aliyevua changu na tasi kwa ngalawa kutoka Msasani, alifunga jiwe kila risasi ilipokosekana, na siku hizo alirudi akilalamika kwamba mkondo umemshinda. Sababu ni ujazo. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.34, kwa hiyo chubwi la gramu 200 halifiki mililita 18, ilhali jiwe la kawaida la uzito huo hukaribia mililita 77. Mkondo hupata mahali pa kulisukuma jiwe, na juu ya hilo maji ya bahari hulipunguzia takriban gramu 79 za uzito wake, wakati risasi hupoteza gramu 18 tu. Majira ya kusi, hasa maji yanapokuwa makuu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama chambo chako kitakaa mlangoni pa pango la chewa au kitachukuliwa na maji kabla hakijafika chini.

Risasi ina sifa ya pili, na hiyo ndiyo iliyonidanganya: huyeyuka upesi mno. Shaba huhitaji nyuzijoto 1,085 za Selsiasi na chuma huhitaji 1,538, lakini risasi huwa maji kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa la kupikia maharage hulipita bila hata kupepewa. Mtu anayeiona metali ikigeuka maji mbele ya macho yake hujiona fundi, na mimi nilijiona fundi jioni ya kwanza, uani kwetu Temeke, nikiwa nimezungukwa na watoto wa nyumba nzima waliokuja kutazama.

Kalibu yangu ilikuwa ya mchanga niliouchukua ufukweni, nikaulowesha kidogo ili ushikamane, nikaukandamizia chubwi la dukani ili liache alama yake. Nilichota risasi kwa upawa na kuimimina. Haikutulia hata kidogo. Iliruka na kurudi juu kwa kishindo, matone yake yakanipata mkononi kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, na tone moja likatua chini ya jicho la kushoto, mahali ambapo kovu lake lipo hadi leo. Watoto walikuwa hatua nne nyuma yangu, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyeguswa. Sikujua wakati ule jambo ambalo kila msubu alipaswa kunifundisha: maji yanapogeuka mvuke hujitanua takriban mara 1,700, na yakiwa yamefunikwa na metali ya moto hayana pa kutokea isipokuwa kuirusha ile metali. Tone la jasho linatosha. Upawa uliooshwa na kuanikwa kivulini unatosha. Kipande cha risasi kilicholala nje usiku wa umande, kikitumbukizwa katika sufuria iliyokwisha kuyeyuka, kinatosha. Kausha kila kitu, na ukishakausha, kipashe moto kando ya jiko ndipo ukiguse na risasi.

Miezi iliyofuata naiacha, kwa kuwa ilikuwa ya kuungua na kurudia.

Nilipopata machubwi 80 niliyoyaona yanafaa, niliyapeleka kwenye duka moja la vifaa vya uvuvi Kariakoo, mwenye duka akayapokea kwa mali kauli. Baada ya wiki tatu aliniita. Alikuwa ameyamwaga yote juu ya kaunta mbele ya wateja, akashika moja, akalivuta kikuku, kikatoka mkononi mwake kama jino bovu. Akasema kwa sauti kwamba hizi ni takataka za gereji na kwamba wavuvi watatu wamemrudishia. Niliyakusanya moja moja ndani ya mfuko wa sandarusi huku watu wakinitazama, na hakuna aliyenisaidia hata moja lililobiringika chini ya kiti. Yule bwana alikuwa na haki ya kuyakataa. Vikuku vyangu vilikuwa vya waya laini wa chuma ulionyooka, usio na pindo la kushikilia ndani, na ulikwisha kuanza kushika kutu. Lakini namna alivyoyakataa haijanitoka moyoni, na kila ninapopita mtaa ule mpaka leo hupita upande wa pili wa barabara.

Laiti ningeachia hapo. Nilirudi nyumbani na hasira, nikaongeza kazi, nikinunua betri nyingi zaidi na kuzivunja uani kwa nyundo, asidi ikimwagika mchangani ambako mwanangu wa miaka mitatu alikuwa akicheza. Mke wangu alisema mara mbili kwamba moshi ule una ladha ya sukari mdomoni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mtoto alianza kukataa chakula, tumbo likamsokota, akawa mkali na asiyelala. Tulimtibu malaria, tukamtibu minyoo. Daktari wa tatu ndiye aliyeuliza baba anafanya kazi gani, na akaagiza damu ipimwe risasi. Majibu yalichukua wiki kadhaa kurudi: mikrogramu 19 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani husema kwamba mtoto akifika 5, chanzo kitafutwe na kiondolewe, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Chanzo kilikuwa mimi. Nilikuwa nikiingia ndani na vumbi lile kwenye shati na kumbeba kifuani.

Leo yuko shuleni na anasoma vizuri, ila ninapomwona akichelewa kukumbuka jambo dogo, jambo ambalo mtoto yeyote anaweza kulisahau, usingizi hunipotea.

Ndugu yangu wa Mjimwema, na wewe mwingine unayesoma hapa ukiwa na betri chini ya kitanda, jambo hili si la Temeke peke yake. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar nchini Senegali, kwa miaka mingi watu waliyeyusha risasi ya betri ili watengeneze vizito vya nyavu, kazi hii hii yetu, na kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 watoto 18 walikufa. Wazazi wao walikuwa wavuvi na mafundi waliotafuta riziki, kama sisi. Betri usiivunje. Ndani yake mna asidi ya salfa na risasi iliyogeuka tope na unga, ambao ndio hasa unaopeperuka na kumezwa. Iuze nzima, na asidi yake ndani, kwa mnunuzi anayeipeleka kiwandani, na usiimwage asidi hiyo mtaroni ili kuipunguzia uzito.

Mimi sasa hutumia mabomba ya zamani ya risasi kutoka nyumba zinazobomolewa, na vile vizito vidogo vinavyobanwa kwenye rimu kusawazisha magurudumu, ambavyo mafundi wa matairi huviondoa na kuvitupa kwenye ndoo. Vizito hivyo vichambue, kwa maana vingine siku hizi ni vya zinki au chuma. Risasi hukwaruzika kwa ukucha na ikianguka sakafuni hutoa sauti nzito iliyokufa; zinki hulia. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo ukiweka moto wa wastani huelea juu ikiwa bado ngumu na unaiopoa, lakini ukiuzidisha inachanganyika na sufuria nzima inakuwa uji usiojaza kalibu. Moto wa wastani una faida nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kwamba risasi inayopita nyuzi 500 huanza kutoa moshi wa hatari. Sufuria iwe ya chuma kizito. Ya alumini usiitumie kabisa juu ya mkaa, kwa sababu alumini yenyewe hulegea na kuyeyuka kwenye nyuzi 660, na mkaa uliopepewa hufika huko.

Kuhusu kalibu, acha mchanga na acha saruji, zote mbili hutunza maji. Nilikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma Gerezani, akanichongea kalibu ya alumini ya vipande viwili vyenye bawaba, na ingawa bei yake iliniuma wakati ule, imekwisha kujilipa mara nyingi. Ukitaka kujua chubwi litatoka na uzito gani kabla hujachonga, lifinyange kwa nta, lizamishe lote kwa ncha ya sindano katika glasi iliyojaa maji pomoni, kwa maana nta huelea, upime maji yaliyomwagika: mililita 18 zikizidishwa kwa 11.34 ni gramu 204. Kikuku nakikunja kwa waya wa shaba, miguu yake miwili nikiipinda nje ndani ya kalibu ili ishike. Kalibu naifukiza kwa mshumaa hadi ipate masizi, naipasha moto, na machubwi mawili matatu ya mwanzo, yenye mikunjo kwa sababu kalibu haijashika joto, nayarudisha chunguni polepole. Kipande cha nta juu ya risasi iliyoyeyuka huisaidia taka ipande. Taka hiyo ya kijivu ninaiengua, naiweka kwenye kopo lenye kifuniko, wala siipulizi.

Kazi naifanyia Kigamboni katika uwanja usio na nyumba, nikiwa nimeupa upepo bega ili moshi uende kando. Sili wala sinywi hapo. Nguo na viatu hubaki kwenye sanduku huko huko, naoga, naosha kucha kwa brashi, ndipo napanda kivuko. Huu ni usumbufu, na kijana anayetaka faida ya wiki hii ataona namtisha. Baba mwenye mtoto anayetambaa hana ruhusa ya kuuona usumbufu. Afanye hivyo au aache kazi hii, na machubwi ayanunue.

Jumamosi huyo kijana atakuja. Nimemwambia avae viatu vilivyofunika na shati la pamba la mikono mirefu, na betri zake azipeleke kwa mnunuzi kwanza. Akaniuliza kama sufuria aje nayo. Nikamuuliza kama imekwisha kuguswa na risasi, akanyamaza kidogo, kisha akasema alijaribu mara moja, halafu dada yake akaiosha na kupikia ubwabwa. Nimempigia dada yake mwenyewe jana usiku. Sufuria ameitoa jikoni, na keshokutwa anawapeleka wanawe wawili kupimwa damu.