Uliza Tukujibu: Bia chungu ya IPA, imeharibika au ndo ilivyo?

SWALI (msomaji wa Mafinga): Habari za kazi. Shemeji yangu yuko Cape Town, amekuja likizo kaniletea makopo manne ya bia yameandikwa IPA, anazisifia balaa. Nikaziweka friji usiku kucha, kesho yake jioni nikafungua moja nikanywa palepale kwenye kopo, aisee chungu kama mwarobaini, alafu ina harufu ya utomvu wa paini kabisa, ile ya Sao Hill, na iliyobaki nilipoimimina kwenye glasi nikakuta ina ukungu huoni upande wa pili. Mi nimezoea laga zetu hizi. Nimebaki na tatu, nizimwage? Na kama sio mbovu, mtu anajuaje IPA nzuri na mbaya?

JIBU: Kaka usimwage hata moja. Uchungu, harufu ya paini na ukungu, hamna hata kimoja hapo ambacho peke yake kinaonyesha bia imeharibika, tena kwa IPA, kifupi cha India Pale Ale, ndo vitu vyenyewe mpishi wa bia alikuwa anavitafuta.

Tuanze na uchungu. Unatoka kwenye hopsi, ni maua ya mmea unaotambaa juu ya kamba ndefu, ukilipasua ua ndani unakuta vumbi la njano linanata vidoleni, na humo ndo kuna utomvu na mafuta yote ya harufu. Hopsi zikichemshwa muda mrefu na maji ya kimea zinatoa uchungu, zikiwekwa mwishoni au zikilowekwa kwenye bia ambayo imeshachacha zinatoa zaidi harufu. Laga ulizozoea zinawekwa hopsi kidogo sana, IPA inawekwa nyingi na ni kwa makusudi. Kuna kipimo cha uchungu kinaitwa IBU, laga nyingi za kawaida zinacheza kwenye 10 mpaka 20 hivi, IPA ya mtindo wa Kimarekani ni 40 mpaka 70, kwahiyo ulimi wako haujakudanganya, umekutana na uchungu mara mbili tatu au zaidi ya uliouzoea na hakuna aliyekuandaa. (Na mtu akitaka kupika IPA huku kwetu juu ajue hili: Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu badala ya 100, na hopsi kwenye joto pungufu zinatoa uchungu taratibu zaidi, inabidi aongeze hopsi au achemshe muda mrefu.)

Harufu ya paini hapo umenifurahisha sana, maana watu wengi wanahangaika kutafuta la kusema wakati wewe umelisema bila kufundishwa. Hopsi na paini zina mafuta ya jamii moja, yanaitwa terpini, ndo maana pua yako ilienda moja kwa moja msituni. Hii tabia ya IPA kunukia paini na balungi imetokea Marekani, kuna hopsi inaitwa Cascade ilitolewa Oregon mwaka 1972, na 1975 kiwanda cha Anchor cha San Francisco kikaitumia kwenye bia yake ya Liberty Ale, watu wakaikubali na wapishi wengine wakafuata njia hiyohiyo. Na hizo zako kama kweli zimepikwa Afrika Kusini zinaweza kuwa na kingine pia, wenzetu wanalima hopsi zao wenyewe maeneo ya George, na wana aina moja inaitwa Southern Passion inanukia pasheni na mapera. Onja ujaribu kuvitafuta.

Ukungu nao kuna IPA inapikwa hivyo kabisa, ilianzia jimbo la Vermont miaka ya 2000 mwanzoni, wanaweka oti au ngano na hopsi nyingi baada ya kuchacha, inatoka kama juisi ya embe kwa macho. Angalia kopo lako, mara nyingi wanaandika. Ukungu ambao unatakiwa uushtukie ni ule wenye vipande vipande vinaelea kama maziwa yaliyokatika.

Sasa kuonja. Kosa kubwa liko kwenye friji na kwenye kopo. Bia ikiwa na baridi ya kuuma meno harufu haipandi, unabaki na uchungu mtupu, alafu ukinywa kwenye kopo pua haina kazi, na IPA zaidi ya nusu yake iko puani. Kwahiyo itoe friji uiache kama robo saa, ifike kwenye nyuzi 7 mpaka 12 hivi. Chukua glasi safi, na nikisema safi namaanisha isiwe na mafuta wala mabaki ya sabuni, isuuze na maji ya baridi usiikaushe na taulo la jikoni. Ukimimina ukaona vipovu vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi ujue bado ni chafu, na povu lako litakufa mapema utaisingizia bia.

Mimina nusu glasi tu, ile nafasi iliyobaki juu ndo ya harufu. Nusa hapohapo kabla hujaangalia rangi wala nini, maana harufu nyepesi zinakimbia haraka. Funika na kiganja, zungusha glasi kidogo, fungua, nusa tena kwa pumzi fupi fupi. Wale jamaa wanaoonja kahawa Mbozi wanaofyonza kijiko kwa kelele wanafanya kitu kilekile, wanataka hewa ipande na harufu ifike puani kwa nyuma, tofauti ni kwamba wao wanatema na bia unaimeza, uchungu wake unakuja vizuri nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Na ukinusa usitafute maneno ya kwenye kopo. Sema balungi, sema ganda la chungwa, sema embe bolibo, mchaichai, majani mabichi ya chai ya Rungwe, paini iliyotoka kuchanwa mbao. Hayo unayajua tangu mtoto na ndo sahihi.

Kisha kunywa funda la kutosha, lisambaze mdomoni, meza, alafu usifanye kitu. Subiri. Utamu wa kimea unatakiwa uje kwanza hata kama ni mdogo, kidogo tu kama ganda la mkate, alafu uchungu unaupita. Hapo ndo pa kuhukumu: uchungu wa IPA nzuri ni msafi, unapanda, unakaa, alafu unaondoka wenyewe unaacha mdomo mkavu kidogo unataka funda jingine. Wa IPA mbaya unakwaruza kama chai iliyochemshwa na majani mpaka ikawa nyeusi, unabaki kooni dakika nzima na hauna harufu ya kuubeba. Chungu ikiwa na harufu ni kazi nzuri. Chungu bila harufu, ama imepikwa vibaya ama imezeeka.

Waamuzi wa mashindano wanaotumia fomu ya BJCP, shirika la Marekani la waamuzi wa bia, wanatoa alama kati ya 50, harufu 12, muonekano 3, ladha 20, inavyojisikia mdomoni 5, na picha ya jumla 10. Ona hapo muonekano ni 3 tu, na wewe ulitaka kumwaga bia kwa sababu ya ukungu. Harufu na ladha peke yake ni 32.

Mabaya ya kweli ni haya. Ikinukia siagi au bisi za siagi, chachu haikumaliza kazi yake. Ikinukia mahindi ya kuchemsha au kabichi, uchemshaji ulikuwa na shida. Ikiwa na ukali wa siki, bakteria wameingia. Na ile ya kawaida kuliko zote, ikinukia boksi lililoloa au asali iliyochoka na harufu ya matunda hamna, hiyo imezeeka. Angalia tarehe chini ya kopo, IPA ikipita miezi mitatu harufu ya hopsi inakuwa imeshapungua sana, na joto linaharakisha, bia iliyokaa kwenye buti la basi mchana kutwa imezeeka kuliko tarehe yake. Hizo tatu zinywe mapema, usizitunzie Krismasi. Alafu ziko na kilevi cha asilimia 5.5 mpaka 7.5 mara nyingi, sio laga ile, kwahiyo kama una pikipiki iache nyumbani.

SWALI (msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya): Nina baa yangu ndogo. Wageni wa kahawa na wa utalii wananiulizia IPA, nikapata katoni ya chupa za kijani kwa bei nzuri. Huku kwetu baridi, wateja wengi wanakunywa ya moto, kwahiyo nimezipanga rafu ya dirishani zionekane. Mgeni mmoja juzi kairudisha anasema inanuka kama mnyama. Kweli au anataka tu kubadilishiwa?

JIBU: Dada yangu, mgeni yuko sahihi na nakushauri umbadilishie. Hiyo ni harufu ya mwanga. Mwanga wa jua ukipita kwenye chupa unavunja ile dawa ya uchungu ya hopsi, inatoka kemikali yenye salfa ambayo pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa chembe ndogo ya ajabu, Wamarekani wanaifananisha na kicheche. Bia yenye hopsi nyingi ndani ya chupa ya kijani au nyeupe, dirishani, jua la Mbeya la saa nne ambalo unalijua lilivyo kali hata hewa ikiwa ya baridi, haichukui hata siku. Chupa ya kahawia inazuia sana, kopo linazuia kabisa. Zitoe dirishani leo, zirudishe ndani ya katoni yake gizani, na hizo zilizokaa mbele fungua moja unuse mwenyewe kabla hujamuuzia mtu. Na ukiuziwa katoni bei nzuri kuliko kawaida geuza chupa usome tarehe kwanza, bei ya IPA ikishuka ghafla mara nyingi muuzaji anaikimbiza tarehe.

Ila hapo kwenye ya moto nataka nikuunge mkono. Ya moto ya Mbeya mwezi wa sita na wa saba sio ya moto ya Dar. Chupa iliyolala stoo gizani huku kwetu kipindi hicho asubuhi ukiishika inakuwa na ubaridi wake wa kutosha, na kwa IPA hiyo iko karibu zaidi na inavyotakiwa kuliko ile ya friji inayotoka imeganda. Mgeni akikuambia anataka baridi sana mpe, pesa ni yake, lakini anayeuliza wewe unashauri nini mpe ya stoo na glasi.

SWALI (msomaji wa Kihesa, Iringa): Kwa nini wanaiita ya India? Inatoka India?

JIBU: Hapana, ni ya Uingereza. Kulikuwa na mpishi London anaitwa George Hodgson, kiwanda chake kilikuwa Bow, karibu na zilipokuwa zinafunga meli za Kampuni ya Mashariki ya India, manahodha wakawa wanachukua bia yake kwa mkopo kwenda kuwauzia Waingereza walioko India. Safari ilikuwa miezi, meli inazunguka Afrika Kusini, inavuka ikweta mara mbili, na hopsi nyingi zilisaidia maana zinazuia bakteria wa kuchachusha. Wewe wa Iringa unalijua tatizo lenyewe, ulanzi mtogwa wa asubuhi ukiuacha tu unakuwa mkali kabla hujaamua uunywe na nani, sasa fikiria kinywaji kikae melini miezi. Ila ile hadithi kwamba bia nyingine zote zilikuwa zinaharibika njiani IPA tu ndo ikafika salama, hiyo imetiwa chumvi, bia nyeusi za pota zilisafirishwa India vilevile na zikanywewa. Baadaye miaka ya 1820 wapishi wa mji wa Burton-on-Trent, Allsopp na Bass, wakaingia kwenye biashara hiyo wakampiku Hodgson, sababu moja ni maji yao yana salfeti nyingi na hiyo inafanya uchungu wa hopsi utoke mkavu na msafi. Jina la India likabaki.

SWALI (msomaji wa Tukuyu): IPA inaendana na chakula gani? Nina kitimoto Jumamosi.

JIBU: Umepatia, kitimoto ya kukaanga ndo yenyewe, uchungu na gesi vinakata mafuta mdomoni kila funda na nyama inaanza upya. Ndizi za kuchoma sawa, parachichi na chumvi sawa kabisa. Angalizo moja tu ni pilipili, uchungu na kilevi vinaongeza ukali wake, kwahiyo weka pembeni kila mtu ajipimie, na limao kamulia kwenye nyama, usilitie kwenye glasi.