Nambari Moja Mwezi Februari, Bila Kombe Mwezi Aprili

SWALI: Mhariri, salaam. Hasheem Thabeet wetu alipokuwa akichezea timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, tulisikia kwamba timu yake inaongoza vyuo vyote vya Marekani. Mwenzangu anashikilia kwamba anayeongoza ndiye bingwa, kama ilivyo katika Ligi Kuu yetu ya soka. Mbona basi hawakutwaa kombe mwaka 2009? Na je, ni kweli kwamba mwaka huo walicheza mchezo mmoja wenye vipindi sita vya nyongeza?
Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amechanganya mambo mawili. Msimamo wa Ligi Kuu hujengwa na pointi zilizovunwa uwanjani, ilhali orodha maarufu ya vyuo vya Marekani, ile ya shirika la habari la Associated Press, hujengwa na kura. Kila wiki ya msimu, waandishi na watangazaji wa michezo hupanga timu 25 kwa kadiri wanavyoziona; timu inayowekwa ya kwanza na mpiga kura hupewa pointi 25, ya pili 24, hadi ya mwisho inayopata 1, kisha jumla hutangazwa. Kwa hiyo orodha hiyo ni maoni ya watu wanaoufahamu mchezo, nayo haimpi mtu kombe.

Msimu wa 2008/09 ulionyesha jinsi maoni hayo yanavyoyumba. North Carolina ilianza kileleni, na mwezi Januari nafasi hiyo ikapita kwa Pittsburgh, Wake Forest na Duke kabla ya Connecticut kuishika mwanzoni mwa Februari. Tarehe 16 Februari Pittsburgh iliwafuata katika mji wa Hartford na kuwafunga 76 kwa 68, usiku ambao DeJuan Blair wa Pittsburgh alipata pointi 22 na ribaundi 23 (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu) huku Thabeet, mwenye urefu unaozidi mita 2.2, akiambulia pointi 5 tu. Connecticut walirudi kileleni mwanzoni mwa Machi, wakafungwa tena na Pittsburgh hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, kuumia goti kwa mlinzi wao Jerome Dyson mwezi Februari kuliwagharimu zaidi ya kipigo chochote kimoja.

Bingwa hupatikana katika mashindano ya mtoano ya mwezi Machi, ambayo mwaka ule yalikuwa na timu 65, na huko kura za waandishi hazina nguvu. Kamati maalumu ndiyo inayochagua timu na kuzipanga katika kanda nne. Waandishi walimaliza kwa kuiweka Memphis ya tatu na Connecticut ya tano. Kamati ikaona vingine, ikaipa Connecticut nafasi ya kwanza ya kanda ya Magharibi na kuiweka Memphis ya pili katika kanda hiyo hiyo. Nadhani kamati iliona sawasawa, kwani ligi ya Big East waliyochezea Connecticut ilikuwa ngumu kuliko ile ya Memphis. Missouri iliitoa Memphis, kisha Connecticut ikaitoa Missouri kwa 82 kwa 75 na kuingia nusu fainali mjini Detroit. Hapo Michigan State, waliokuwa wakicheza katika jimbo lao mbele ya umati wao, waliwafunga 82 kwa 73, na siku mbili baadaye nao wakafungwa fainali 89 kwa 72 na North Carolina, ambao ndio waliotwaa ubingwa.

Kuhusu swali lako la pili, ni kweli. Ilikuwa robo fainali ya mashindano ya Big East katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, tarehe 12 Machi 2009, na Syracuse walishinda 127 kwa 117 baada ya dakika 70, ambazo mchezaji wao Jonny Flynn alicheza 67. Jioni iliyofuata Syracuse hao hao walihitaji tena muda wa nyongeza kuifunga West Virginia, kisha wakafungwa fainali na Louisville, timu ambayo waandishi waliiweka ya kwanza katika kura yao ya mwisho kabla ya mtoano. Louisville nayo iliishia robo fainali ya taifa, mikononi mwa Michigan State.